Kiboko cha Babu Kibwana

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, tena wengine mmeniuliza nikiwa na tonge mdomoni: ilikuwaje mimi Shomari, mtu ambaye hata kwenye matanga hurudi kulala kwake, nikapotea siku sita, nikarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, bila jogoo niliyeondoka naye na bila mto wangu wa kulalia? Nimejaribu kusimulia vipande vipande pale barazani, na kila kipande mmekichekea kabla sijakimaliza. Basi naandika yote mara moja. Atakayecheka acheke kwake.

Mambo ya kuomba ruhusa kazini na ya tikiti nawasamehe. Hayana utamu, na mimi mwenyewe sitaki kuyakumbuka.

Kisarawe: jibu la mshenga

Mdogo wangu Zena amechumbiwa na Omari, fundi baiskeli wa Mlandizi, kijana mwenye grisi mikononi na adabu mdomoni. Baba yetu hayupo, kwa hiyo walii wa kumwoza ni mimi. Tulikuwa tumekwisha kuelewana kila kitu, imebaki kuchagua siku tu. Ndipo mshenga akarudi kutoka Mlandizi, akakataa hata maji ya kunywa, akasema maneno yake harakaharaka akiwa bado amesimama.

"Mzee Kondo, baba yake Omari, anasema binti hana kasoro. Lakini ameambiwa juzi tu kwamba babu yenu ni Kibwana wa shamba la mkonge. Anasema Kibwana alikuwa nyapara wa viboko, na alimchapa baba yake mbele ya macho yake. Anasema hawezi kula sinia moja na ukoo huo."

Nilisimama kwa ghadhabu hata kiti changu cha uvivu kikajikunja chenyewe. Nyapara? Babu Kibwana? Kwetu hakuna mtoto asiyejua kwamba Babu alikuwa karani wa mzani. Shangazi Mwamvita ametusimulia tangu utotoni: Babu na kalamu yake sikioni, Babu na daftari lake, wazungu wakimwamkia. Mimi nilipopelekwa shule, nikafika hata sekondari, nilijua nimefuata damu. Leo mtu anatoka huko na mkonge wake anamfanya Babu mpiga viboko!

Nikaanza kutunga barua kali. Zena akaja akasimama mlangoni. Hakuwa analia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kaka, kazi yako barazani ni nini?"

"Unajua kazi yangu. Karani."

"Unaandika mirathi za watu. Huyu baba yake nani, babu yake alifanya kazi gani, nani shahidi. Ya kwetu nani ataiandika? Au hiyo barua ndiyo shahidi?"

Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mwache kaka yako, Zena. Huyu akifika Pugu atarudi kuchukua mto."

Kwa hasira nikasema nitakwenda mwenyewe, mguu kwa mguu, hadi shamba lenyewe, nilete ushahidi. Na ili nisirudi kuchukua mto, nikauchukua kabisa.

Kisarawe hadi Pugu, kwa miguu

Nawaambia ndugu zangu, mtu asitembee mchana kweupe na mto mkono huu na jogoo mkono huu. Jogoo alikuwa zawadi ya Mzee Kondo, maana hata ukienda kugombana na mkwe huendi mikono mitupu. Nilimfunga miguu kwa kamba ya katani. Kuanzia kwangu hadi mwisho wa mteremko sikukutana na mtu aliyenisalimia kama watu wanavyosalimiana.

"Karani, mkeo amekufukuza?"

"Shemeji, ndiyo unahama? Basi hata kitanda hukupewa?"

Mmoja wenu yumo humo, namjua, na yeye anajijua.

Pale stesheni ya Pugu nilifika mapema, kwa kuwa watu wa nyumbani tunaogopa sana kuachwa. Nikamwendea bwana mwenye kofia.

"Gari la kwenda Ruvu linafika saa ngapi?"

"Linakuja."

"Najua linakuja. Saa ngapi?"

"Likifika utaliona. Ni kubwa."

Nilikaa juu ya mto wangu tangu asubuhi mpaka kivuli cha tangi la maji kikanizunguka kutoka bega la kushoto hadi la kulia. Nikala mihogo ya kuchemsha kwa pilipili, nikala tena, nikachukia. Kila nikimtazama yule bwana mwenye kofia anatazama reli, kana kwamba na yeye ni abiria tu.

Pugu hadi Ruvu, kwa gari moshi

Gari lilipofika lilikuwa limejaa magunia na watu waliokaa juu ya magunia. Mama mmoja mnene wa Soga, mwenye kikapu cha vitumbua, akanitazama: macho mekundu kwa vumbi, mto kifuani. Akaguna.

"Mpisheni mgonjwa."

Watu wakanipisha. Nikafungua mdomo kumwambia mimi si mgonjwa, akanitia kitumbua. Kilikuwa cha moto bado, kimeumuka vizuri, kina iliki. Mwenzenu nikanyamaza. Nilipomaliza cha kwanza akanipa cha pili, akawaambia watu wasipige kelele, mtu katoka hospitali, tena hao wa kimya kimya ndio wanaokufa. Mzee mmoja akanisomea dua. Nikaitikia amina. Ningefanyaje? Ukishakula vitumbua vitatu vya ugonjwa huwezi kusema u mzima.

Jogoo ndiye aliyenifedhehesha. Karibu na Soga alijikung'uta akajirusharusha na kamba yake chini ya viti, na mimi nikaruka juu ya magunia mawili nikamkamata kwa mkono mmoja. Nilipogeuka behewa zima lilikuwa linanitazama.

"Kumbe mzima," yule mama akasema polepole. "Mtu mzima na ndevu zake, anakula sadaka ya wagonjwa."

Aliposhuka hakuniaga. Alimuaga jogoo.

Ruvu hadi Mlandizi

Toka stesheni ya Ruvu hadi Mlandizi nilikwenda kwa miguu na mwenye baiskeli aliyekubali kubeba mto lakini si mimi. Njia ilikuwa matope, viatu vyangu vya kazini vikafunguka midomo. Nilipofika kwa Mzee Kondo nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno makali tangu stesheni.

Alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililonikera. Mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunawa, akaleta sinia: ugali wa muhogo na kambale wa mtoni, mchuzi mzito wa nazi. Kisha akaenda kukaa kwenye kigoda chake upande wa pili.

"Karibu, mgeni."

"Njoo tule, mzee wangu."

"Mimi nimeshiba."

Nikala peke yangu. Mnajua maana yake kwetu sisi. Hata maskini wa Mungu hali peke yake. Kila tonge lilinipita kooni kama ninakula mkeka. Samaki alikuwa mtamu, na hilo nalo lilinikasirisha.

Nilipomaliza nikamweleza: Babu yangu alikuwa karani wa mzani, mtu wa kalamu, na nyapara huyo ni mwingine. Mzee Kondo akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sikuambiwa na mtu. Niliona. Nilikuwa na miaka kama sita. Mama alinituma kupeleka kibuyu cha uji kwa baba, kule shamba. Nikakuta watu wengi kambini, na mtu mmoja katikati yao anatembea na kiboko, anafoka, anachapa watu miguu. Watu wanapiga kelele: Kibwana, Kibwana. Akafika kwa baba yangu. Akamchapa. Baba yangu akakaa chini, akalia." Akakisogeza kigoda chake. "Sijapata kumwona analia kabla ya siku ile wala baada yake. Nikatupa kibuyu nikakimbia."

"Baba yako alisemaje?"

"Sikumwambia kwamba niliona. Utamwambiaje baba yako kwamba umemwona akilia? Amekufa sijamwambia."

Hapo ghadhabu yangu ilianza kuchechemea, lakini ukarani haukuniacha. Nikamwuliza kama tunavyowauliza mashahidi: huyo mtu alikuwaje?

"Mrefu. Ana pengo la meno ya mbele. Amevaa kofia nyekundu na kanzu iliyomfika magotini."

"Mrefu?" Nikasimama. "Nitazame, mzee wangu."

Akanitazama. Mnanijua, mke wangu hunituma vitu vya kwenye rafu ya chini tu. Katika ukoo wetu hajapata kuzaliwa mtu wa kufikia dari bila kigoda. Mzee Kondo akanipima kwa macho kutoka utosini hadi chini, na haikumchukua muda.

"Babu anaweza kuwa mrefu na mjukuu akawa hivyo," akasema, lakini sauti yake haikuwa kama mwanzo.

"Nitakuletea ushahidi," nikamwambia. Mzee alikataa kumpokea jogoo mpaka nitakaporudi nao.

Shamba la mkonge

Shamba lenyewe sasa lina mwenyewe mwingine, na huyo naye kalinunua kwa mwingine. Sikumwona. Niliambiwa ningoje ofisini, na kungoja ofisini maana yake ni kungoja nje ya ofisi, juani, kwa kuwa benchi la kivulini ni la wageni wa aina nyingine. Nikangoja nimesimama, mimi karani wa baraza, na hasira zangu na viatu vilivyofunguka midomo.

Hatimaye akatoka karani wa shamba, kijana wa Tanga mwenye suruali iliyopigwa pasi. Nikamwambia natafuta daftari la wafanyakazi wa zamani.

"La zamani kiasi gani?"

"Miaka arobaini na ushei."

Akacheka, si kwa ubaya. Akaniingiza, akanionyesha kabati. Ndani yake kulikuwa na vitabu vimepangwa vizuri, vina majalada magumu.

"Hivi ni vya mashine," akasema. "Mashine ya kwanza, lini ilitiwa mafuta, lini ilivunjika jino, nani alileta jino jipya. Tangu siku ya kwanza vipo."

"Na vya watu?"

"Vya watu vilikuwa kwenye boksi chini. Vingine mchwa, vingine mpishi alikuwa anawashia jiko. Aliyekuwepo kabla yangu ndiye aliyeniambia."

Nilikaa juu ya lile boksi tupu. Ndugu zangu, mimi si mtu wa siasa, mnanijua, mimi ni mtu wa kiti na gazeti. Lakini jino la mashine limeandikwa, tena kwa wino mzuri, na mtu aliyevunja meno yake mwenyewe kwa kazi ile jina lake limewashiwa moto wa chai. Nikamwambia yule kijana maneno ambayo hakustahili yeye. Akayapokea kwa utulivu, nikaona aibu.

"Kuna mzee mmoja," akasema nilipomaliza. "Mnyamwezi, anaitwa Maganga. Alikuja hapa kijana, hakurudi kwao tena. Sasa analima mihogo Zegereni. Mzee huyo hakuna mtu aliyepita hapa asiyemjua. Lakini ujihadhari naye, ana mdomo."

Mlandizi hadi Zegereni

Lori lililonichukua liliharibika mara tatu. Mara ya kwanza tulishuka tukasukuma. Mara ya pili tulishuka tukasukuma. Mara ya tatu dereva alisema lori limechoka lipumzike, akalala chini yake, nasi tukakaa kando ya barabara tukimtazama anavyolala vizuri, nami nikiwa na mto mkononi. Tukaamua kutembea.

Zegereni nilimkuta mtu anapalilia mihogo. Alipoinuka aliendelea kuinuka, akawa mrefu kuliko mihogo yake. Akatabasamu. Meno ya mbele hayakuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Shomari. Mimi mjukuu wa Kibwana, aliyekuwa shamba la mkonge."

Akanitazama. Akaweka jembe chini, akanijia, akanichukulia jogoo mkononi kama mtu anayepokea kitu chake. Kisha akachukua na mto, akaubinyabinya, akautia kwapani.

"Hivi vyangu," akasema. "Na wewe wangu pia, ila hujanona. Kibwana naye alikuwa hivihivi, mtu wa kumtafuta kwa taa."

Damu ilinipanda. "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini mimi ni karani wa baraza. Hili ninaweza kulifikisha mahali."

Mzee Maganga alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwita mkewe atoke ndani aje asikie. "Mama, njoo umwone Mzaramo anayemshtaki Mnyamwezi kwa jogoo! Baraza gani hilo litakaloandika kesi? Mmesomeshwa mpaka mmesahau watani zenu?"

Watani! Kila mtoto wa Uzaramo anajua kwamba Mnyamwezi ni mtani wake, tangu enzi za misafara: anakutukana, anachukua chako, na siku ya msiba wako yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya kituko ambacho hata nduguyo haruhusiwi. Najua haya tangu utotoni. Hasira yangu ya siku nne ilikuwa imeyafukia.

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kisarawe. Nikamwomba radhi. Akakataa radhi, akataka na kofia. Nikamwambia kofia sina, ningekuwa nayo ningeificha.

Mkewe akatuletea togwa. Nikamwuliza mzee: Babu yangu alikuwa karani wa mzani, ndiyo?

"Karani? Kibwana?" Akapaliwa na togwa. "Kibwana alikuwa mfagizi."

"Mfagizi wa ofisini?" nikauliza. Nawaambia ukweli wangu wote: nilikuwa bado natafuta ofisi.

"Wa kiwandani. Anafagia zile takataka za mkonge. Alikuwa anafagia kinyumenyume, anarudi nyuma, ili nyayo zake zisibaki pale alipokwisha kufagia. Tulikuwa tunamcheka sana. Na wa makaburini."

"Makaburi gani?"

Mzee akaweka kata chini. "Sisi watu wa bara tulikuwa tunakufa pale. Homa, kuhara, uchovu. Hatuna ndugu. Nyapara anasema mtupeni huko porini, kazi inangoja. Kibwana akitoka zamu yake anakwenda kuchimba. Mwislamu anamwosha na kumsomea, asiyekuwa Mwislamu anamzika kwa adabu. Yeye na rafiki yake mmoja wa Mlandizi, Mwinjuma. Wawili tu. Kibwana akishazika anafagia pale juu. Na mtu wetu akirudi kwao, Kibwana anamwambia: fika kijiji fulani, mwambie mama wa fulani kwamba mwanawe hakutupwa. Hakujua kuandika, lakini vijiji vyote alikuwa navyo kichwani."

"Sasa yapo wapi hayo makaburi?"

"Wamepanda mkonge juu yake."

Nikaisogeza kata yangu ya togwa kando.

"Yeye alipokufa," akaendelea, "kwenu ni mbali, wenu hawakuwahi. Nani angemzika? Sisi. Na mtani hazikwi kimya kimya, ni aibu kubwa. Nikavaa kanzu yake, ikanifika hapa." Akagusa goti. "Nikavaa kofia yake nyekundu. Nikasokota singa, nyuzi za mkonge, nikafanya kiboko. Nikawa Kibwana."

"Kwa nini kiboko? Si umesema alikuwa mpole?"

"Utamwigizaje mtu ambaye hajapata kumkemea hata kuku? Unamgeuza. Nikamfanya nyapara. Nikafoka, nikawachapa watu miguu, wote wanapiga kelele Kibwana, Kibwana, wanacheka na machozi yanawatoka. Na nyapara mwenyewe yupo pale amesimama, anajiona anavyoigizwa, na hana la kufanya. Msibani mtani hana kesi." Akaichukua tena kata yake. "Nilipofika kwa Mwinjuma nikamchapa, nikamwambia, fagia, mvivu wewe, fagia. Hakucheka. Akakaa chini akalia. Nikaacha. Nikaenda mbele."

Nikamwuliza kama Mwinjuma alikuwa na mtoto.

"Alikuwa naye. Mtoto mdogo, Kondo jina lake."

Zegereni hadi Mlandizi, kwa lori la mkaa

Alikubali kurudi nami kwa masharti. Masharti yenyewe: yeye akae mbele na dereva, na mto wangu nyuma ya kichwa chake, mimi nikae juu na magunia ya mkaa, nimshike jogoo wake. Nilikubali. Mzee alikoroma mpaka Mlandizi. Mimi nilifika mweusi hata Omari, aliyekuwa anaziba pancha barabarani, alinipa shikamoo kwa kusitasita, akidhani labda mimi ni mwuza mkaa mwenyewe.

Mzee Kondo alikuwa uani kwake. Nilitaka kuanza kwa maelezo, maana nilikuwa nimeyapanga, kwanza na pili na tatu. Mzee Maganga hakunipa nafasi. Alifungua ile kamba ya katani kwenye miguu ya jogoo, akaifumua singa zake, akazikunja mkononi. Akaingia uani akiburuta miguu, kifua mbele, anafoka.

"Fagia, mvivu wewe! Fagia!"

Akamchapa Mzee Kondo miguuni.

Mzee Kondo alisimama akaganda. Omari akataka kumkimbilia baba yake, nikamshika mkono. Mzee Maganga akamchapa tena, polepole.

"Inauma?"

"Haiumi," Mzee Kondo akasema.

"Haikumuuma baba yako pia. Alikuwa amekwisha kumchimbia rafiki yake kaburi asubuhi ile, kwa mikono yake. Kibwana ndiye tuliyekuwa tunamzika. Mimi nilikuwa mtani."

Mzee Kondo alizitazama zile singa. Kisha akakaa chini palepale kwenye mchanga, mtu wa umri ule, bila kutafuta kigoda.

"Basi nilimkimbia baba yangu siku ya msiba wake," akasema.

Mzee Maganga, pamoja na mdomo wake, alikwenda akakaa kando yake, akazitia zile singa mfukoni mwa kanzu ya Kondo.

Sinia lililoletwa jioni ile kabla ya magharibi lilikuwa moja. Jogoo alikuwa ndani yake. Mzee Kondo akanawa wa kwanza, akamega, akaniwekea mimi tonge upande wangu. Nilikuwa na ghadhabu za siku tano nilizozibeba kutoka nyumbani, na sikujua tena niziweke wapi. Nikala. Siku ya ndoa tuliipanga mikono ikiwa bado ina mchuzi.

Kisarawe

Njia ya kurudi haina la kusimulia ila kwamba gari lilichelewa, na yule bwana mwenye kofia pale Pugu aliponiona nimeshuka alisema, "Si nilikwambia linakuja?" Mto umebaki Zegereni. Mzee Maganga atakuja nao kwenye harusi, na amenitumia salamu kwamba atalala kitandani kwangu, mimi nitafute mkeka.

Zena alinisikiliza mpaka mwisho. Alinishika mkono, ule wenye mkaa, akaondoka. Mwanaidi akaniletea maji ya kuoga na sabuni nzima.

Kazi iliyobaki ilikuwa Shangazi Mwamvita. Alikuwa barazani kwake na tambuu yake. Nikamwamkia, nikamweleza kwa upole, maana mimi nilikuwa nimekwisha kupoteza karani wangu njiani, lakini yeye alikuwa bado na wake.

"Alishika mzani," akasema.

"Alishika ufagio, Shangazi."

"Nani kakwambia? Mnyamwezi? Mtani ndiye shahidi wako?"

"Shangazi, anasema alikuwa anafagia kinyumenyume."

Shangazi aliacha kutafuna.

"Siku ile unapelekwa shule," akasema, "watoto wa majumbe walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja anataja babu yake. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa mdogo kuliko wote. Ungesema nini?"

Nilikumbuka nilivyomtaja siku ile karani wa mzani, kwa sauti, na jinsi nilivyosimama wima.

Akatema tambuu, akainuka, akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akaanza mlangoni. Aliinama, akafagia huku anarudi nyuma, hatua ndogondogo, hakuangalia anakokwenda, mpaka akafika barabarani. Mbele yake, pale alipokwisha kufagia, hapakubaki hata unyayo mmoja. Watu waliokuwa wanapita walimpisha.